Bei tatu kwa nyumba moja: namna ya kusoma makadirio ya kampuni ya kuhamisha vyombo

Swali: Mwishoni mwa mwezi ujao tunahama, familia ya watu wanne, kutoka nyumba ya chini yenye vyumba vitatu vya kulala kwenda kwenye fleti ya ghorofa ya tatu katika mji mwingine, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Nimewasiliana na kampuni tatu za kuhamisha vyombo. Ya kwanza ilinitajia bei palepale kwenye simu. Ya pili iliomba picha za vyumba, ikanitumia bei kesho yake. Ya tatu ilimtuma mtu akapita chumba kwa chumba akiandika, na bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mume wangu anasema tuchukue ya kwanza. Mimi nasita, kwa sababu jirani yetu alipohama alidaiwa nyongeza vyombo vikiwa vimeshapakiwa. Makadirio haya yanasomwaje, na nitajuaje ipi ndiyo bei ya kweli?

Jibu: Dada, wasiwasi wako una msingi, lakini usiikimbilie bei kubwa nayo kwa sababu tu mtu wake alifika nyumbani. Kwa sasa huna bei tatu za kazi moja. Una bei za kazi tatu tofauti, na hakuna aliyekuambia zinatofautiana wapi. Unachotakiwa kufanya wiki hii ni kuzifanya zote zizungumzie mzigo uleule, njia ileile na masharti yaleyale. Ukishafanya hivyo, pengo kati ya bei hizo kwa kawaida hupungua sana, na kitakachobaki ndicho cha kukifikiria.

Nimefanya kazi ya kukadiria mizigo ya nyumbani kwa miaka mingi, kwa hiyo nianze na kile alichokuwa anakiandika yule mtu aliyepita chumba kwa chumba. Hakuwa akiangalia thamani ya vyombo vyako wala ukubwa wa nyumba. Alikuwa akigeuza kila kitu kuwa ujazo. Kabati la nguo lenye upana wa mita 1.2, kina cha mita 0.6 na kimo cha mita 2 linachukua mita za ujazo 1.44 kama halifunguliki. Likifunguliwa vipande linachukua nafasi ndogo sana, ila sasa kuna nusu saa ya fundi upande huu na nusu saa nyingine upande ule. Kwa hiyo anapolitazama kabati hilo anaandika mambo mawili: nafasi na muda. Akifika kwenye rafu ya vitabu anaandika jambo la tatu, uzito. Boksi la lita 45 likijazwa vitabu linafika kilo 20 na ushee, na mbebaji mmoja hawezi kupanda nayo mawili kwa pamoja hadi ghorofa ya tatu. Boksi hilohilo likijazwa mito linabebwa na mtoto.

Kwa vyombo vya nyumbani vya kawaida, wahamishaji wa Marekani wana kanuni ya zamani ya ratili 7 kwa kila futi ya ujazo, yaani kilo 112 hivi kwa kila mita ya ujazo. Ni mzigo mwepesi ukiulinganisha na nafasi unayochukua. Ndiyo maana lori la kuhamisha hujaa mapema kuliko linavyolemewa, na ndiyo maana mkadiriaji anahangaika zaidi na nafasi kuliko kilo.

Sasa itazame kampuni ya kwanza. Ilichojua ni "vyumba vitatu". Nyumba ya vyumba vitatu ya wanandoa waliohamia mwaka jana inaweza kuwa na mita za ujazo 20. Nyumba ya ukubwa uleule ambamo familia imeishi miaka kumi, ina stoo, ina baiskeli za watoto, ina mashine ya kufulia na friji mbili, inaweza kupita 40. Aliyekutajia bei kwenye simu alichagua nambari kati ya hizo, na kwa kuwa anashindania kazi, alichagua ya chini. Huenda hakuwa na nia mbaya. Lakini hakuna kitu nyuma ya hiyo bei, na kwa maoni yangu bei isiyo na orodha ya vyombo nyuma yake haina thamani yoyote, iwe ndogo au kubwa.

Na kosa la ujazo halipandishi gharama kidogo kidogo. Ikiwa kampuni imeleta lori la mita za ujazo 20 na mzigo wako ni 24, hizo nne zilizobaki haziongezi asilimia 20 ya gharama. Zinaongeza safari nzima ya pili: saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, mafuta, dereva, wabebaji wanaosubiri. Nyongeza nyingi zinazotokea vyombo vikiwa vimeshapakiwa huanzia hapo. Mlango wa lori unafungwa, vitu bado vimepangwa barazani, na mazungumzo ya bei yanaanza upya wakati mwenye mzigo hana tena nguvu ya kukataa.

Kampuni ya pili iko katikati. Picha zinasaidia, na siku hizi wengi hufanya ukaguzi kwa video, jambo ambalo si baya hata kidogo likifanywa vizuri. Tatizo la picha ni kwamba mwenye nyumba hupiga picha ya sebule kwa sababu sebule inapendeza, na anasahau kufungua milango. Ndani ya makabati, chini ya vitanda, darini, kwenye roshani, kwenye kibanda cha nje: humo ndimo kunakokaa sehemu kubwa ya maboksi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Ukiulizwa picha, tuma za ndani ya makabati yakiwa wazi, hata kama unaona aibu. Mkadiriaji ameona mabaya zaidi na hataikumbuka fujo yako kesho.

Baada ya ujazo kinakuja kitu ambacho wateja wengi hawakiulizi kabisa, nacho ndicho kinachoamua kama utalala usingizi usiku wa kuamkia siku ya kuhama: hiyo bei inaruhusiwa kubadilika, na ikibadilika, inabadilika kwa kanuni gani? Karatasi inaweza kuandikwa "makadirio" juu yake na ikawa na maana tatu tofauti.

Maana ya kwanza ni makadirio ya wazi. Kampuni inakisia, kisha baada ya kazi inapima uzito, ujazo au saa halisi, nawe unalipa kilichopimwa. Ya pili ni bei iliyofungwa: kwa vyombo vilivyoorodheshwa na huduma zilizotajwa, unalipa hiyo, hata kama wabebaji watachukua saa mbili zaidi ya walivyofikiri. Ya tatu ni bei yenye kikomo. Hapo kampuni inakuahidi kwamba hutalipa zaidi ya kiasi fulani, na kazi ikitoka ndogo kuliko ilivyokisiwa unalipa pungufu. Kwa mteja hii ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote, na haigharimu kitu kuiomba. Kampuni iliyokagua nyumba kwa makini mara nyingi inakubali, kwa sababu haina hofu na hesabu zake. Iliyokisia itajikanyaga.

Marekani sheria imeziweka aina hizi kwa maandishi kwa mtu anayehamisha vyombo kutoka jimbo moja kwenda jingine, na msimamizi wake ni mamlaka ya shirikisho iitwayo FMCSA. Chini ya kanuni hizo, mwenye makadirio ya wazi hawezi kudaiwa zaidi ya asilimia 110 ya makadirio hayo ili akabidhiwe mzigo wake. Kinachobaki kwa kazi ileile iliyokadiriwa kinaletwa kama ankara, naye anapewa siku 30 za kulipa. Siku ya kuhama vyombo vikionekana kuwa vingi kuliko vilivyoorodheshwa, kampuni inatakiwa kukubaliana na mteja kwa maandishi kabla ya kupakia. Mzigo ukishaingia ndani ya lori, yale makadirio ya mwanzo ndiyo yanayosimama. Nakutajia hili si kwa sababu kanuni hiyo itakulinda popote ulipo, maana kila nchi ina zake na nyingine hazina kabisa, ila kwa sababu unaweza kuichukua kama kifungu cha mkataba. Sentensi moja inatosha: "Nyongeza yoyote ya bei itakubaliwa kwa maandishi na pande zote mbili kabla ya kuanza kupakia." Kampuni inayokataa kuisaini sentensi hiyo imekueleza mengi.

Angalizo kuhusu bei iliyofungwa. Watu huisikia wakadhani wamefunga kila kitu. Imefungwa kwa orodha tu. Ukiongeza kochi la mama mkwe asubuhi ya kuhama, kampuni ina haki ya kudai zaidi. Na kwa kuwa orodha ndiyo kinga yako, hakikisha unayo nakala yake, yenye "maboksi 45" na si "maboksi", yenye "friji mbili" na si "vyombo vya jikoni".

Usawa wa kulinganisha unavurugika pia pale kampuni moja inapotoza kwa saa na nyingine kwa kazi nzima. Bei ya saa inavutia kwa sababu nambari yake ni ndogo. Chukua mfano, bila kutaja fedha ya nchi yoyote: kampuni moja inatuma watu watatu kwa 30 kwa saa, nyingine inatuma wanne kwa 38. Wa kwanza wanaonekana rahisi. Lakini watatu wakimaliza kwa saa 9 unalipa 270, na wanne wakimaliza kwa saa 6 na nusu unalipa 247, tena jioni bado ina mwanga wa kuunganishia vitanda. Ukipewa bei ya saa uliza mambo manne: watu wangapi, saa inaanza kuhesabiwa wapi (mlangoni kwako au lori linapotoka kwenye yadi yao), muda wa chini unaolipwa ni saa ngapi, na foleni ya barabarani ni juu ya nani. Kwa safari yako ya saa tatu hilo la mwisho si dogo. Nisingekubali bei ya saa kwa safari ya mji hadi mji hata kidogo. Inafaa kuhama mtaa kwa mtaa, ambako mwenyewe unawaona wanavyofanya kazi.

Wanaotoza kwa uzito hupima lori likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako, na tofauti ndiyo unayolipia. Ukiangukia kwa mtu wa namna hiyo, omba nakala za karatasi zote mbili za mizani, na uulize kama tangi la mafuta na watu waliomo walikuwa sawa mara zote mbili. Kwa mwendo wako sidhani kama utakutana nao.

Sasa ile fleti ya ghorofa ya tatu. Ningependa kujua kama kampuni ya kwanza ilikuuliza kuhusu ngazi. Kama haikuuliza, sehemu ya lile pengo la bei umeipata. Katika kazi hii kubeba ndiko kunakokula muda, barabara haiumizi sana. Mbebaji anayetoka mlangoni akaweka boksi ndani ya lori lililoegeshwa hatua chache anaweza kurudi mara nyingi kwa saa. Umpandishe ghorofa tatu bila lifti, umwekee kona nyembamba kwenye ngazi, na lori liwe limeegeshwa mita 60 kutoka lango la jengo kwa sababu mlinzi hataki magari makubwa ndani, kazi ileile inachukua muda mara mbili au tatu. Kampuni nyingi zina ada ya kila ghorofa, ada ya umbali wa kubeba unapopita kiwango fulani, na ada ya gari dogo la kusombea pale lori kubwa lisipofika. Hakuna wizi katika ada hizi; kazi ipo na watu wanaumia migongo. Wizi unakuja pale ambapo mtu alijua, au angejua kwa kuuliza swali moja, akakaa kimya hadi lori limefika.

Kwa hiyo nenda kwenye ile fleti na tepu ya kupimia. Pima upana wa ngazi kwenye kona, urefu na upana wa mlango wa lifti kama ipo, upana wa mlango wa kuingilia. Kisha rudi upime kochi lako refu na kabati lisilofunguka. Kama haviingii, ni bora ujue leo. Pengine itabidi kipitishwe dirishani kwa kamba, ambayo ni kazi ya watu maalumu na ina bei yake, au kiuzwe kabla ya kuhama. Muulize pia msimamizi wa jengo kama lifti inatakiwa kuwekewa nafasi, na kama kuna saa ambazo kuhamia hairuhusiwi. Lori likikaa nje saa mbili likisubiri ruhusa, utalipia kusubiri huko, na hapo kampuni haina kosa.

Kufungasha ni eneo jingine ambapo bei mbili zinaonekana za kitu kimoja kumbe sivyo. Kampuni ya tatu huenda imeweka humo watu wa kufungasha, maboksi, karatasi za kufungia vyombo vya udongo, mablanketi ya kukinga samani, plastiki za magodoro. Ya kwanza huenda imehesabu kwamba watakuta kila kitu kimeshafungwa na kubandikwa gundi. Hii peke yake inaweza kueleza sehemu nzuri ya pengo lako. Ukiamua kufungasha mwenyewe ili kuokoa fedha, ni uamuzi mzuri kwa nguo, vitabu, mashuka na vitu vya watoto. Vyombo vya kioo na televisheni ningewaachia wao, na sababu yake ni fidia, jambo ambalo naomba tukae nalo kidogo kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia bila kujua hadi siku kitu kinapovunjika.

Karibu kila karatasi ya makadirio ina mstari unaosema vyombo "vina bima". Mstari huo unaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa. Moja ni wajibu wa mbebaji, yaani kiasi ambacho kampuni yenyewe inakubali kulipa ikiharibu kitu. Nyingine ni bima halisi iliyokatwa kwa ajili ya mzigo wako, yenye nambari ya sera (yaani mkataba wa bima) na jina la kampuni ya bima. Wajibu wa mbebaji mara nyingi unahesabiwa kwa uzito na si kwa thamani. Mfano wa Marekani unaonyesha vizuri: mteja akikubali kwa sahihi yake ule wajibu wa chini kabisa, analipwa senti 60 kwa ratili moja ya kitu kilichoharibika. Televisheni ya kilo 20 ni ratili 44. Ikianguka na kuvunjika, fidia ni dola 26 na senti 40, hata kama aliinunua juzi. Ndiyo maana huko sheria inataka kampuni itoe ulinzi wa thamani kamili kama chaguo la kawaida, na huo wa chini upatikane kwa mteja aliyeukubali kwa maandishi. Bei ndogo inayokushangaza inaweza kuwa ndogo kwa sababu imejengwa juu ya wajibu wa namna hiyo.

Ukikata bima halisi, tazama mambo matatu. Kwanza, kama inalipa thamani ya kununua kipya au thamani ya kitu baada ya kuchakaa; kwa friji ya miaka minane tofauti ni kubwa. Pili, kama inagusa vitu ulivyofungasha mwenyewe. Sera nyingi zinakataa, zikisema hakuna anayejua boksi lilipangwaje, na ndiyo sababu nikasema vioo wafungashe wao. Tatu, usitaje thamani ya chini ili kupunguza malipo ya bima. Kampuni za bima hutumia kanuni ya uwiano: vyombo vyako vikiwa na thamani ya 100 nawe ukaviandikisha kwa 50, ukipata hasara ya 10 utalipwa 5. Mtu alidhani amejikata kidogo kwenye malipo, kumbe amejikata nusu ya kila fidia.

Vito, hati za nyumba, vyeti vya watoto, dawa, kompyuta yenye kazi zako na fedha taslimu usivipakie kabisa. Kampuni nyingi hazivikubali na fidia haivihusu. Vibebe mwenyewe.

Kuhusu malipo ya awali. Arbuni ya kushikilia tarehe ni jambo la kawaida, hasa mwisho wa mwezi ambapo kila mtu anahama na malori yanagombaniwa. (Kama tarehe yako inaweza kusogea hadi katikati ya mwezi, katikati ya wiki, uliza bei upya, unaweza kushangaa.) Lakini arbuni iwe sehemu ndogo, iwe na risiti, na karatasi iseme inarudishwa katika hali gani. Anayedai nusu au zaidi kabla hata hajakiona chombo kimoja, mwache. Mwache pia anayekupa fomu yenye nafasi wazi uisaini "ili tusipoteze muda", anayepokea simu bila kutaja jina la kampuni, na asiye na anwani ya ofisi unayoweza kuitembelea.

Uliza pia, kwa maneno ya moja kwa moja: lori ni la nani, na watakaokuja ni wafanyakazi wa nani? Wapo madalali wanaokusanya kazi kwa simu na mtandao, kisha wanaziuza kwa mwenye lori yeyote aliye huru siku hiyo. Udalali si kosa. Ila mwenye lori anayekuja hakukupa ile bei, hakuiona orodha yako, na amekatwa kamisheni ambayo lazima airudishe mahali fulani. Ukifanya kazi na dalali, jina la mwenye lori na kukubali kwake ile bei na ile orodha viwe ndani ya mkataba kabla ya siku yenyewe.

Nikirudi kwenye zile kampuni zako tatu, ningefanya hivi. Jioni moja pita nyumba nzima na daftari, wewe na mume wako, mfungue kila mlango, pamoja na stoo na kibanda cha nje. Andikeni samani moja moja na makisio ya maboksi kwa kila chumba. Wekeni alama kwenye vitu ambavyo haviendi, na muwe wakali hapo, kwa sababu kila mita ya ujazo mnayoiuza au kuigawa inapunguza bei kwa kampuni zote. Kisha tuma orodha hiyohiyo kwa wote watatu, pamoja na picha za ngazi za fleti na mahali pa kuegesha, ukiandika kwa mfano hivi:

"Naomba bei ya maandishi kwa orodha hii, kutoka nyumba ya chini hadi ghorofa ya tatu, umbali wa kubeba mita kadhaa kama picha zinavyoonyesha. Nitafungasha mwenyewe isipokuwa vyombo vya jikoni, vioo na televisheni. Tafadhali niandikieni ujazo mliokisia, ukubwa wa lori, idadi ya watu, kama bei imefungwa au ina kikomo, kila ada ambayo haimo, na fidia inahesabiwa vipi."

Ujazo mliokisia: hilo ndilo jibu la kulitazama kwanza likirudi. Ikiwa wawili wanasema 34 na 36 na mmoja anasema 18, huyo mmoja hajaisoma orodha, au ameisoma na ana mpango mwingine. Ikiwa wote wanakubaliana kwenye ujazo na watu na bado bei zinapishana, sasa unaweza kuchagua ya chini bila hofu nyingi. Na ikiwa ya tatu imebaki juu sana hata baada ya kuondoa kufungasha, mwambie mkadiriaji wao umepata bei fulani kwa orodha ileile na uliza nini kinaeleza tofauti. Ana nafasi ya kushuka, hasa kama tarehe yako si ya mwisho wa mwezi. Nisingeshangaa ukiishia na ya pili.

Siku ya kuhama, kabla kitu cha kwanza hakijatoka mlangoni, mzunguke nyumba pamoja na msimamizi wao, orodha mkononi. Kampuni nzuri hubandika nambari kwenye kila kitu na kuandika hali yake. Soma wanachoandika. Wapo wanaoweka "imechubuka" au "ina nyufa" kwenye kila samani ili kujikinga na madai. Kama meza yako haina mchubuko, iandikwe hivyo, na piga picha yenye tarehe. Mkifika, mmoja wenu akae mlangoni akiweka alama kwenye nambari zinazoingia, mwingine aelekeze vitu viende chumba gani. Kilichovunjika au kisichofika kiandikwe kwenye karatasi yao kabla hujasaini kupokea, hata kama wamechoka na wanataka kuondoka.

Na wakidai nyongeza licha ya yote haya, waombe wakuonyeshe kifungu cha mkataba kinachoiruhusu. Kipo na mlikubaliana? Lipa. Hakipo? Lipa kiasi cha mkataba mbele ya shahidi, chukua risiti, na kataa kilichobaki kwa maandishi. Ikiwa vyombo bado vimo ndani ya lori na wanakataa kushusha, na huna njia nyingine ya kuvipata siku hiyo, unaweza kulazimika kulipa. Basi andika kwa mkono wako pembeni ya sahihi kwamba umelipa kwa kupinga na ni kiasi gani unachokipinga, uwe na nakala, na upeleke malalamiko kwa mamlaka ya kulinda watumiaji au mahakama ya madai madogo wiki hiyohiyo. Orodha ile ya daftari, ujumbe uliotuma na majibu yao ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako, kwa hiyo usifute chochote kwenye simu hadi fedha zirudi.